Spika Zisizotia Chumvi

Mtu aliyeniuzia spika zangu za kwanza alijua kwamba ninamwamini, na hilo ndilo lililoniuma kuliko spika zenyewe. Nilikuwa nimefanya kazi miaka mitatu katika studio yake pale Kisauni, Mombasa, nikikunja waya, nikipokea waimbaji, na mwishowe nikichanganya nyimbo ambazo yeye aliziwekea jina lake. Nilipomwambia nataka kuanza kazi yangu mwenyewe, chumbani kwangu Junda, hakununa. Aliingia stoo akatoka na jozi ya spika nyeusi, ndefu, zimejaa vumbi. "Hizi ndizo monita, dada," akaniambia. "Chukua, utanikumbuka." Nikamlipa, nikazipokea kwa mikono miwili na kumshukuru.

Spika ya kustarehe na spika ya kazi ni vitu viwili. Ya kustarehe hutia chumvi. Huongeza besi, huongeza mng'aro, wimbo mbovu ukasikika mtamu na wageni wakacheza. Ya kazi, ile mafundi wanayoiita monita, haitakiwi kuongeza wala kupunguza kitu. Inakuonyesha wimbo ulivyo, nawe ukarekebishe. Zile alizoniuzia zilikuwa za kustarehe tupu, tena za kelele, za kuwekwa mlangoni mwa duka siku ya ufunguzi. Mimi sikujua. Kwake nilikuwa nachanganya, lakini neno la mwisho lilikuwa lake, na mtu asiyekuwa na neno la mwisho hajifunzi kuyaamini masikio yake.

Kazi yangu ya kwanza ya maana niliipata kwa shangazi yake baba, ambaye sisi wote twamwita bibi. Anakaa Likoni, na kwa miaka mingi hakuna arusi ya ukoo wetu iliyofanyika asiimbe. Mjukuu wake alipokuwa anaolewa, koo lilikuwa limeshaanza kumsumbua, daktari amemwambia apumzishe sauti. Akaniita. Akasema ataimba mara moja tu mbele ya maikrofoni, kisha arusini upigwe huo uliorekodiwa. Wimbo aliutunga mwenyewe. Ndani yake bi arusi anaitwa paa, yule mnyama mwenye shingo ndefu na macho makubwa, na kiitikio chake ni hiki: "Paa wetu ametoka."

Hapa lazima nieleze jambo ambalo mtu wa Mombasa haelezwi. Paa mnyama tunamtamka kwa pumzi. Weka kiganja mbele ya mdomo wa bibi akilisema neno hilo, utauhisi upepo. Paa la nyumba halina upepo, kiganja kitabaki kikavu. Vitabuni yanaandikwa sawasawa, lakini kwetu ni maneno mawili, na mtoto anayeyachanganya huchekwa mpaka ajirekebishe.

Sasa pumzi ile ikiingia kwenye maikrofoni hugonga. Na kwenye spika zinazotia chumvi ya besi, kila "paa" ya bibi ilikuwa ikipiga bumu, dirisha likatetemeka. Nikadhani ni kasoro. Nilikaa siku mbili nikizitafuta pumzi zile moja baada ya nyingine, nikizikata, nikizisafisha, na besi nzima nikaipunguza kwa sababu ilikuwa imejaa chumba. Nilipomaliza nilijipongeza. Wimbo ulikuwa msafi kama sahani iliyooshwa.

Arusini nilikaa ndani na wanawake wenzangu. Aliyekodiwa kuleta vyombo vya muziki alikuwa yeye, bosi wangu wa zamani, na kama ilivyo desturi alikaa na mitambo yake nyuma ya pazia, asiwaone wanawake waliovua mabuibui. Wimbo ukaanza. Sauti ya bibi ilitoka nyembamba, haina kifua, na kiitikio kilipofika hakikuwa na pumzi hata chembe. Kwa matamshi yale, bibi alikuwa akiutangazia ukumbi kwamba paa la nyumba limeng'oka.

"Paa limetoka!" akasema mama mmoja nyuma yangu. "Jamani, shikeni mabati."

"Mvua hiyo, anueni nguo," akajibu mwingine, na safu nzima ikaangua kicheko.

Ningeweza kuvumilia hayo. Wanawake wa arusini hawamwachi mtu, na mimi mwenyewe nimewacheka wengi. Lakini wimbo ulipokwisha, sauti ya mwanamume ikatoka kwenye maikrofoni nyuma ya pazia, taratibu, kama mtu anayeomba radhi kwa niaba ya mtoto mtundu. "Samahanini mama zangu," akasema. "Hiyo haikuwa ya studio. Hiyo ni kazi ya chumbani." Nadhani mnajua kicheko kilichofuata, maneno kama hayo yakisemwa mbele ya wanawake mia wanaomwoza binti. Nilitamani sakafu inimeze.

Bibi hakucheka. Nilipomwendea kumbusu mkono aliurudisha mapajani. "Mwanangu," akasema, "huyu aloimba ni nani? Mimi tangu nizaliwe sijasema hivo. Pumzi yangu umeipeleka wapi?" Tangu siku ile nikipiga simu naambiwa amelala, na baada ya miezi michache sauti yake ikapotea kabisa, akabaki anaongea kwa kukwaruza. Rekodi niliyokuwa nayo, ile ghafi kabla sijaikata, ikawa ndiyo sauti yake pekee iliyobaki duniani. Na mwenye sauti hataki niiguse.

Niliutambua mchezo nilioingizwa siku niliyousikiliza wimbo ule kwenye gari la shemeji yangu, kisha kwenye simu, kisha kwenye redio ya jirani. Kote ulikuwa mwembamba. Kwangu tu ndiko ulikokuwa mnene. Kwa hiyo spika ndizo zilizonidanganya, na aliyeniuzia ni fundi wa miaka ishirini. Fundi wa miaka ishirini hachanganyi monita na spika ya mlangoni. Nikaapa. Wallahi nilijifungia chumbani nikaapa kwamba mtu yule atapiga wimbo wangu kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya wanawake walewale, na baadaye nitamwendea nyuma ya pazia nimwambie sentensi moja tu juu ya pumzi alizonifanya nizikate. Niliitunga sentensi hiyo nikifua, nikipika, nikivuka feri. Kila wiki niliinoa.

Spika zake niliwauzia wenye kibanda cha chai karibu na soko la Kongowea, ambako zinavuta wateja vizuri sana hadi leo. Zamu yangu ya kupokea fedha za mchezo wa akina mama ilipofika nikaanza kutafuta monita ambazo mtu wa hali yangu anaweza kuzinunua. Fleshi niliyotembea nayo ilikuwa na kitu kimoja: sauti ya bibi, kavu, bila ngoma, kutoka rekodi ile ghafi, pale alipojaribu maikrofoni kwa kusema paa na paa, kaa wa baharini na kaa la moto. Madukani walinichoka. Kijana wa duka la kwanza alinipigia wimbo wa dansi mpaka kaunta ikacheza. "Hizi zinapiga, dada," akasema. Nikamwambia nimeshapigwa vya kutosha, azime kitufe cha kuongeza besi, apunguze sauti, aweke fleshi yangu. Alinitazama kama mtu aliyeingia buchani kuulizia mchicha.

Nilijifunza kwa kufukuzwa. Nilijifunza kwamba spika kubwa ya inchi nane katika chumba kama changu, ambacho nikinyoosha mikono nakaribia kugusa kuta zote mbili, ni kujitafutia uongo mwingine, maana besi hukosa pa kwenda ikarudi kukugonga kisogoni. Inchi tano zatosha, hata nne. Nilijifunza kutazama tundu la hewa. Likiwa nyuma na spika imeegemea ukuta, ukuta wenyewe unaongeza chumvi, kwa hiyo mwenye chumba kidogo bora atafute zenye tundu mbele. Na nilijifunza kutosikiliza nembo wala taa. Spika zenye taa za rangi nilizipita kama ninavyompita mwanamume anayepiga mluzi.

Mwishowe nilizipata Shanzu, kwa mpiga kinanda mmoja wa hotelini aliyekuwa anarudi kwao. Zilikuwa mbili ndogo, za inchi tano, zina tundu mbele, moja wavu wake umebonyea. Nilimwachia kitambulisho nikaenda nazo nyumbani siku moja kuzijaribu. Niliziweka juu ya matofali ili zifike usawa wa masikio, chini ya kila moja nikakunja kanga kuukuu, nikazisogeza mbali na ukuta, nikasimamisha godoro kwenye kona nyuma yangu. Kisha nikaweka fleshi. Bibi akasema paa, na nikauhisi upepo. Haikupiga bumu, dirisha halikutetemeka. Ilikuwa pumzi tu, ndogo, ya mwanamke mzee, na iko mahali pake. Nililia kidogo, halafu nikakasirika upya.

Nikazinunua, nikauchanganya wimbo upya. Safari hii sikumkata bibi popote. Niliipeleka kazi Likoni kwa mkono wangu, nikampa binti yake wa mwisho, ambaye alikuwa na arusi ya mwanawe. Nikamwomba jambo moja, kwamba aliyekodiwa mara ile akodiwe tena. Alinitazama sana. "Una lako wewe," akasema. Lakini alikubali.

Arusi ilikuwa mchana. Bibi alikaa mbele, hakunisalimu, nami sikusogea. Wimbo ukaanza, na ubeti wa kwanza ukatoka kama nilivyoutuma: kifua kipo, koo lipo, na kiitikio kilipofika "paa" ikatoka na pumzi yake, na vigelegele vikapanda ukumbi mzima. Nikamwona bibi akiweka kiganja mbele ya mdomo wake mwenyewe. Nilisahau hata sentensi yangu. Kisha ukaja ubeti wa pili, na kiitikio, na pumzi haikuwapo.

Bibi akasimama. Kwa ile sauti yake ya kukwaruza akauliza, "Nani huyo anikataye pumzi?" Na macho yote yakanigeukia mimi.

Nilijitupia buibui nikaenda nyuma ya pazia mbio. Yeye alikuwa ameinama juu ya mitambo, mkono kwenye kitufe cha kupunguza besi, anasikiliza kwa makini kama daktari. Akaniona akatabasamu. "Kazi nzuri, dada," akasema. "Ila umeacha upepo kwenye maikrofoni, kila akisema lile neno. Nimekusafishia."

Nilishika pazia. Kulivuta mara moja tu na ukumbi wote ungeona mkono ulipo, na bibi angejua. Lakini wanawake walikuwa vichwa wazi, na singeweza kumwaibisha yeye bila kuwaaibisha wao. Nikaliachia. "Toa mkono," nikamwambia. Akautoa, bila ubishi. Nikakirudisha kitufe, nikaurudia wimbo toka mwanzo, nikasimama pale hadi neno la mwisho. Kule ndani nikasikia wanawake wakiitikia, na pumzi zao zote zipo.

Muziki ulipozimwa akaniuliza, na niliona usoni mwake kwamba anauliza kweli. "Kwani lilikuwa kosa gani? Nyinyi watu wa hapa mwasikia nini pale?" Yeye alizaliwa bara, alikuja Mombasa mtu mzima, na kwa miaka ishirini hakuna aliyemwambia. Nikamtamkia yote mawili, paa na paa. Akafikiri. "Umesema neno moja mara mbili," akasema.

Hapo ndipo nilipoelewa. Hakunitega kwa spika zile. Alikuwa amezipenda, akiamini kweli ni monita. Miaka mitatu nilikuwa nimejifunza kusikia kwa masikio yasiyosikia, na chuki niliyoilea kama mtoto haikuwa na baba. Ningeweza kumshika mkono, nikakiweka kiganja chake mbele ya mdomo wangu, akajua kwa ngozi alichokikosa kwa sikio. Ilikuwa kazi ya nusu dakika. Na ile sentensi yangu niliyoinoa haikunifaa tena, maana mtu hawezi kuumizwa na asichokisikia. Lakini aibu ya kicheko kile ilikuwa bado inanichoma, na nilikuwa na kitu kibaya zaidi cha kumpa.

"Ndiyo," nikamwambia. "Ni neno moja."

Bibi tumepatana, namshukuru Mungu. Ananiita kila mwezi niende na spika zangu, ajisikilize. Yeye bosi wangu wa zamani bado anarekodi pale Kisauni, na wazee wanampelekea sauti zao kwa sababu ana jina na ana kiyoyozi. Mwaka huu nimesikia kazi zake mbili za bibi wengine, wote wawili waimbaji wa zamani. Amewasafisha vizuri, pumzi hakuna. Mmoja wao alifariki kabla ya Ramadhani, na hakuna rekodi nyingine.