Salamu za Baba Mkwe Zilizokatwa

Ndoa ya binti yangu ilikwamia kwenye chakula. Baba mkubwa wa mchumba wake, mzee wa Ipogolo kule Iringa, alituuliza swali moja tu: "Ukoo wenu una mwiko gani?" Alitaka kujua ukoo wa marehemu mume wangu haupaswi kula nini. Jina la ukoo wao na wetu ni moja, na kwa Wahehe wenye jina moja na mwiko mmoja ni ndugu, hawaoani. Wao hawali figo. Sisi je? Mimi Mnyakyusa, muuza vitenge wa Mwanjelwa, Mbeya, sikuwahi kuujua. Mume wangu alikula kila nilichompikia, na nilikuwa najivunia hilo.

Waliojua wote wameshazikwa. Ndipo nikakumbuka kwamba zamani watu wa makumbusho walimrekodi baba mkwe, na siku hizi sauti zile ziko mtandaoni. Nikachukua simu palepale dukani. Kabla ya kunifungulia, tovuti ikaniuliza mimi ni nani: mtafiti, mwanafunzi, mwalimu au mtalii. Hasira zilinipanda. Mama wa bibi harusi hakuwemo. Nikabonyeza mtalii, eti mtalii kwa baba mkwe wangu mwenyewe, nikaingia.

Nilipoisikia sauti yake ya kukwaruza, machozi yalinitoka mbele ya wateja. Lakini alianzia katikati: nyasi za kuezekea zikatwe kabla ya mvua. Akaeleza kuezeka mpaka mwisho, basi. Nikajua huyu mzee amekatwa. Hakuwahi kuanza mazungumzo na habari za nyasi! Mgeni akifika, kwanza mzee anamsalimia, anamwambia yeye ni mtoto wa nani na kwao hawali nini, kisha anamuulizia watu wake na kumpa habari za watu wa kwetu mpaka chai inapoa. Nilipokuwa bado mgeni pale kwao, nilikuwa nikisikia salamu hizo zinaanza, napiga miayo na kurudi jikoni.

Kesho yake nilipanda basi hadi Iringa. Kwenye ofisi ya makumbusho nilimkuta dada mmoja mpole, ndiye anayesimamia sauti zile.

"Tulikata salamu, mama," alisema. "Watafiti walikuwa wanalalamika zinawachelewesha. Wao wanataka maelezo."

"Na sisi wenye mzee wetu?"

"Kusema kweli, hatukufikiria kama na nyie mngeingia."

Nilikuwa na jibu kali mdomoni, nikalimeza. Shida ilikuwa yangu. Nikamuuliza kama kanda nzima bado ipo. Akasema ipo, nikavuta kiti bila kukaribishwa.

Akanivalisha spika za masikioni. Baba mkwe akasalimia weeee, akamtaja baba yake na babu yake, kisha akasema, "Sisi hatuli kwale. Hata mayai yake hatugusi."

Nilivua spika nikapiga kigelegele mle mle ofisini. Kwale! Ndege ambaye sijawahi kumpika maisha yangu yote. Yule dada akacheka, akanitumia kanda nzima kwenye simu.

Nilipitia Ipogolo siku ileile. Baba mkubwa alisikiliza ameinamisha kichwa, na lilipofika neno kwale akaniashiria nizime.

"Inatosha. Jina ni letu, lakini damu siyo. Mlete mtoto wetu, mama."

Nilipumua kama niliyetua gunia la mpunga. Ndani ya basi nikalala fofofo mpaka Mbeya.

Nyumbani binti yangu alitaka kumsikia babu yake, ambaye hakumkuta hai. Kanda ikalipita neno kwale, na mzee akaendelea na habari za nyumbani, mahali ambapo mimi sikuwa nimefika. "Hatujambo," akawaambia wageni. "Mkamwana wangu kule Mbeya ana mimba. Tunamsubiri huyo mtoto."

Binti yangu akaisimamisha simu.

"Mama, huyo ni mimi?"

"Ni wewe," nikamwambia.