Herufi Mbili kwenye Bunduki ya Koko

Ningekataa kusoma. Ningemwambia tu mwanajeshi, "Sijui, papa," kama watoto wengine walivyosema siku ile, na leo nisingekuwa na haya ya kuwaambia.

Kila mawese yanapochemka jikoni kwa mke wa mwanangu, hapa Bukavu, pua yangu hunirudisha Mumosho, nyumbani kwa babu yangu, tuliyemwita Koko. Jumapili baada ya misa alishusha bunduki yake kutoka darini, akachovya kitambaa kwenye mawese ya vuguvugu, akaisugua polepole kama anayemwogesha mtoto mchanga. Haikuwa na risasi hata moja. Mti wake ulikuwa mweusi kwa jasho la mikono, na juu ya chuma palichongwa taji dogo, jina refu lililofutika nusu, na herufi mbili: K.S. Koko hakujua kusoma. Alijua tu alikoipata.

"Niliitosha mu mikono ya Mudachi, kule Tabora," alisema, yaani alimpokonya Mjerumani alipopigana upande wa Wabelgiji katika vita vya kwanza vya dunia.

Majirani walimtania: "Koko, mwaka jana Mudachi alikuwa mumoja, leo wamekuwa watatu!"

Alicheka nao, lakini bunduki hakumpa mtu aishike.

Miaka michache baada ya uhuru, vita vilipoupita mji wa Bukavu, wanajeshi wa serikali walizunguka vijijini wakitafuta silaha. Waliikuta darini. Mkubwa wao akauliza ni ya nani.

"Iko yangu," Koko akajibu. "Ilikuwa ya Mudachi."

"Mudachi gani, muzee? Huku walitawala Wabeleji." Akaigeuza bunduki kwenye mwanga. "Nani hapa anajua kusoma?"

Watoto wenzangu waliokusanyika kutazama wakasema hawajui. Mimi nilikuwa wa kwanza darasani. Shuleni kwetu kila dawati lilipigwa herufi za mwenye mali, na mwalimu alitufundisha kuzifungua ziwe maneno. Nikainua mkono.

"K.S.," nikatamka kwa sauti ya darasani. "Kivu-Sud!" Yaani Kivu ya Kusini, eneo letu, kwa Kifaransa.

Wanajeshi wakapiga makofi. "Mutoto iko na akili! Basi ni bunduki ya Leta. Muzee, uliiba mali ya Leta."

Leta ndivyo tunavyoiita serikali. Koko hakunitazama. Alimtazama yule mkubwa.

"Leta yenu imezaliwa jana," akasema. "Mutoto wa jana nimuibie namna gani kitu cha zamani?"

Wakamfunga kamba, wakampeleka mjini. Baba alikuwa akimpelekea chakula gerezani, na alirudi na neno lile lile: akikiri wizi na kuomba pole, atarudi nyumbani. Koko alikataa. "Niombe pole ya nini? Nilimushinda Mudachi, nishindwe na herufi?"

Juzi mjukuu wangu alitafuta kwenye simu yake ile alama ya taji na zile herufi. Kumbe K.S. ni maneno ya Kijerumani, jina la jeshi ambalo kaisari wao aliliweka kwenye makoloni yake. Chuma chenyewe kilikuwa shahidi wa Koko, na mimi nilikigeuza kimshitaki.

Nimeyasema haya parokiani, mbele ya watu. Wengine wakaninong'oneza: "Muzee, acha mambo ya zamani yalale. Ulikuwa mutoto, hauna kosa."

Siutaki msamaha huo. Sikujua maana ya zile herufi, na nilijua kwamba sijui. Nilitaka makofi. Na sitanyamaza: yeyote anayeuita ukoo wetu ukoo wa mwizi wa bunduki, aje aniambie usoni, nimwoneshe picha ya ile alama.

Koko alikufa gerezani kabla mvua za mwaka ule hazijakatika, na hakukiri. Hatukupewa mwili wake, na hadi leo sijui alizikwa wapi. Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo, lakini hakukaa tena kula na mimi. Nilimpoteza babu yangu, kisha nikampoteza baba yangu akiwa hai.