Manyoya Niliyoyapaka Mafuta

Nimerudi kijijini kwetu Quiterajo, pwani ya Msumbiji, rafiki yangu, baada ya miaka mingi ya ukimbizi. Nyumba yetu imebaki kuta mbili. Uani nilikuta manyoya meupe ya jogoo wa jirani, nikainama kuyaokota, nikaketi nayo papo hapo.

Utotoni mwangu manyoya hayo yalikuwa chakula. Baba alikuwa mvuvi, na bibi yangu ndiye aliyemfungia chambo cha manyoya kwenye ndoana. Alichagua ya shingoni tu, membamba, kwa kuwa yakivutwa majini hutapatapa kama dagaa anayekimbia. Bahari ikiwa shwari alitumia ndoana ndogo, maji yakichafuka kubwa. Nilimshikia uzi ukaze, naye akatia kila fundo kwa bismillahi, akakata ncha kwa meno.

Mwaka mmoja muhogo uliisha kabla ya mvua. Mama alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, na maziwa hayakutoka. Bibi alisema mzazi apate mchuzi wa samaki. Ndoana nzuri ilibaki moja. Akaifunga manyoya, akaiacha juu ya ungo.

Nilikuwa na miaka minane hivi, nikitaka kusaidia. Niliona manyoya yamefifia. Nikachukua mafuta ya nazi, yale ya nywele zetu, nikayapaka mpaka yakang'aa.

Baba alivuta mshipi siku nzima, akarudi mikono mitupu. Akajaribu kumchekesha mama: "Samaki wa leo wamefunga, mke wangu. Labda kesho watafuturu."

Siku ya pili vivyo hivyo. Jioni bibi akakishika kile chambo, akakinusa. Manyoya yalikuwa yamegandana kama kijiti. Akanigeukia.

"Kuku huyu umempaka mafuta kwa harusi ya nani?"

Nikalia. Aliyakata yote, akafunga mapya, kisha akaninong'oneza: "Mama yako usimwambie. Ana mzigo wa kumtosha."

Siku ya tatu baba alileta kolekole mnene. Mama alikunywa mchuzi, jasho likamtoka, na maziwa yakaanza kudondoka. Lakini mtoto hakuwa tena na nguvu za kunyonya. Alifariki, tukamzika kesho yake baada ya alasiri.

Mwalimu wangu wa chuo cha Kurani alitufundisha kwamba mtoto ambaye hajabaleghe haandikiwi dhambi, na kwamba kila nafsi ina siku yake. Naamini hivyo, na nimewafundisha wengine hivyo. Ila mama aliishi miaka mingi baadaye, na kila alipoona mzazi ananyonyesha alisema, "Titi langu mimi lilichelewa." Alisema hivyo mbele yangu, nikipepeta mchele, nami nikaendelea kupepeta. Kila mara niliahidi kumwambia kesho. Amefia ukimbizini, na kaburi lake liko mbali na hapa.

Siku hizi vijana wananunua chambo cha visamaki vya plastiki. Bibi hayupo, baba hayupo, na hakuna aliyebaki anayejua nilichofanya. Namshukuru Mungu kwa kila hali, wala simharakishi. Namwomba jambo moja tu: anikutanishe na mama, hata kwa kitambo kidogo, nimwambie halikuwa titi lake.