Power supply iliyoandikwa wati 600, na mazishi ya Wambui

Wakuu, nawasalimu kutoka Nyeri.

Nimesoma nyuzi za hapa miaka mitatu bila kuandika hata neno. Shule niliachia darasa la nane na mkono wangu ni mzito kwa kuandika, kwa hivyo uzi huu niliuanza Jumatatu na leo ni Ijumaa.

Sitaongeza chumvi. Mahali nilikosea nitasema nilikosea, na ni pengi.

Nyumbani ni Wamagana, lakini kazi yangu iko Majengo, Nyeri mjini. Ni studio ndogo ya picha na video. Mwenyewe tunamwita Baba Shiru. Yeye anaongea na wateja, mimi nashika kamera na ku-edit.

Kazi nyingi ni mazishi. Harusi zina msimu, mazishi ni kila wiki. Mimi si mtu wa kuongea, na kazi hii ilinifaa, kwa sababu mtu aliyeshika kamera haulizwi kitu. Watu wanampisha tu.

Kompyuta yetu ilikuwa ya ofisi, zile ex-UK, mtumba kutoka Uingereza. Processor si mbaya, lakini haikuwa na graphics card, ile kadi ya kusaidia kazi ya picha na video. Tangu tununue kamera ya 4K, video ya saa tatu ilikuwa inachukua siku nzima ku-export, yaani kutoka ikiwa faili moja kamili. Ukigusa timeline, ule mstari wa kukatia video, inaganda.

"Wewe, hiyo kompyuta unaifanyia kazi ama unaichunga?" Baba Shiru aliniuliza siku moja.

Sasa niwaeleze kuhusu Mama Wambui, maana haya yote yanamhusu yeye kuliko kompyuta.

Mama Wambui ni mkulima wa viazi kule Endarasha. Binti yake, Wambui, alifariki akaacha mtoto wa kike wa miaka mitatu. Wiki hiyo Mama Wambui mwenyewe alikuwa amelazwa. Aliteleza shambani akavunjika nyonga, akafanyiwa operesheni, na daktari akakataa atoke.

Familia ilingoja mpaka ikashindwa kungoja. Wambui akazikwa mama yake akiwa kitandani.

Ndiyo sababu tuliitwa. Mjomba wa Wambui, aliyetupigia simu, alisema wazi kwamba video hii haikuwa ya kuonyesha wageni. Ilikuwa ya mama, aone vile mtoto wake alisindikizwa.

Mama Wambui alipotoka hospitali alimtuma huyo mjomba atuletee flash disk. Alikuwa ameifunga sufu ya kijani, kama ile ya kushonea sweta, isipotee. Na kila Jumanne alinipigia simu mimi, si Baba Shiru.

"Kijana yangu, ile kanda iko wapi?"

"Bado kidogo, mama."

"Haya. Usiharakishe ukaharibu. Lakini usikawie pia, mimi huwa naamka nikiingojea."

Siku moja nikamjibu kwamba Jumanne inayofuata itakuwa tayari. Sijui nilitoa wapi huo ujasiri. Ndipo nikaanza kutafuta graphics card.

Nilipata ya mtumba, giga sita, kwa mtu wa Nanyuki aliyekuwa anaacha mambo ya games. Kadi ilikuwa safi na mpaka leo sina neno nayo. Inakula wati 120 na ina tundu moja la pini nane.

Nikafungua kompyuta. Power supply, lile boksi la kugawa stima ndani, ilikuwa ya wati 240 na haikuwa na waya wa pini nane. Kuna wale huunganisha adapta kwenye waya za disk na kuomba Mungu. Hilo sikulifanya. Niliamua kununua power supply kubwa, na mpaka hapo nilikuwa sawa.

Fundi wetu wa karibu ni Ndirangu. Kibanda chake kiko hatua chache kutoka studio, anatengeneza simu na kompyuta, na anapenda kunitania.

"Unataka ya wati ngapi?"

"Yenye inatosha."

"Eh! Maneno mawili kwa siku moja. Anua nguo, mvua inakuja." Akavuta boksi kutoka chini ya meza. "Chukua hii. Mia sita. Kadi inakula mia na ishirini, si ndio? Na hii unaweza hata kuchomelea gate."

Mia sita na mia na ishirini. Hesabu hiyo hata mimi naiweza. Nikachukua.

Jumamosi nikaenda nyumbani nayo, pamoja na ile ya zamani, kwa sababu nilitaka kutoa vumbi na kulinganisha waya nikiwa nimetulia.

Mama yangu huchuna chai. Amebeba kikapu mgongoni tangu nimjue, na akiinua kitu anakuambia kilo zake, anakosea kidogo sana. Kule kituo cha chai, karani hamwandikii kilo kabla mizani haijatulia na yeye mwenyewe hajaiona. Walio nyuma kwenye foleni hulalamika. Yeye hasongi.

Aliona vile vitu viwili mezani, akainua kimoja kwa mkono huu na kingine kwa huu.

"Gani ndio ya nguvu?"

"Hiyo mpya. Ni mia sita. Hiyo ingine ni mia mbili na arobaini."

"Mbona hii ya nguvu ni kama kikapu tupu?"

"Mama, stima haipimwi na kilo."

"Sawa. Na hii mia sita ilipimwa na nani?"

"Imeandikwa hapo."

"Kuandikwa nimeona. Nimeuliza ilipimwa na nani."

Nikanyamaza. Kunyamaza kwangu huwa kunafanana na kufikiria, lakini siku hiyo sikuwa nafikiria. Nilikuwa nasema moyoni kwamba mama hajui kompyuta.

Jumatatu asubuhi nikafunga kila kitu. Ikawaka. Timeline ikawa laini, nikivuta haigandi. Kazi ya siku tatu niliimaliza kabla ya chakula cha mchana, na Baba Shiru akaja kusimama nyuma yangu akitingisha kichwa kwa furaha.

Saa nane mchana nikabonyeza export. Mazishi ya Wambui, video ya urefu wa saa tatu na dakika arobaini.

Ilifika asilimia thelathini na moja. Nikasikia mlio kama mtu amevunja kijiti kikavu, kisha moshi mwembamba ukatoka nyuma ya kompyuta. Skrini ikawa nyeusi.

Wazo la kwanza lilikuwa stima imepotea. Nikachungulia nje. Kinyozi wa mlango wa pili alikuwa anaendelea kunyoa, mashine inalia.

"Nini inanuka hivyo?" Baba Shiru akauliza.

Nikachomoa waya ukutani.

Power supply ilikuwa imekufa na haikufa peke yake. Iliharibu motherboard, na ilipeleka moto kwenye disk. Kwenye board ya disk kulikuwa na alama nyeusi, ndogo kama punje ya mtama. Kadi, ambayo ndiyo niliyokuwa naihofia, ilipona.

Najua mtauliza kuhusu backup. Haikuwepo. Tuna memory card mbili za kamera, na kila Alhamisi tunazifuta kwa sababu Ijumaa kuna mazishi mengine. Disk ya pili tulikuwa tunasema tutanunua. Tulisema hivyo karibu mwaka mzima.

Baba Shiru alipeleka disk Nairobi kwa watu wa kurudisha data. Walibadilisha board, ikazunguka, ikaanza kugonga ndani. Walipoifungua walikuta imekwaruzika. Wakasema pole.

Siku hiyo ndiyo nilisoma sticker ya power supply vizuri, hata zile herufi ndogo za chini.

Graphics card na processor hula kutoka laini ya volti 12. Kwenye laini hiyo, sticker yenyewe ilisema ampia 16. Kumi na mbili mara kumi na sita ni 192. Hizo ndizo wati zilizokuwepo, na sina hakika hata hizo zilikuwa za kweli. Kadi ni 120, processor ni 65, hiyo tayari ni 185. Bado hujahesabu disk na feni, na kadi ikiwa kazini huwa inaruka juu kwa ghafla kuliko ile 120.

Mia sita haikuwa mahali popote. Ilikuwa imeandikwa kwa herufi kubwa tu.

Nilimpelekea Ndirangu nikamwonyesha. Nilikuwa nataka kumkasirikia. Aliangalia sticker muda mrefu, akashika kichwa.

"Aki mimi nimeuza hizi miaka mbili," akasema. "Huwa nasoma tu hapo juu."

Nami nilisoma hapo juu. Hasira ikaisha, ikabaki kujilaumu.

Ile Jumanne niliyoahidi, siku moja baada ya moshi, Mama Wambui alikuwa amepiga simu. Sikushika. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kutoshika simu yake.

Kwa wiki moja nilitafuta kwenye simu za watu waliohudhuria. Wengi walikuwa wamefuta, wengine waliweka status tu ikapotea. Nilipata picha tisa na clip moja ya sekunde arobaini, migongo ya kwaya na kofia. Nikaziweka kwenye ile flash.

Baba Shiru alisema, "Wacha nimpigie nimwambie."

Nikasema nitaenda mimi. Aliniangalia kama hajanisikia.

Endarasha kulikuwa na upepo na vumbi, viazi vilikuwa vimeshavunwa. Mama Wambui alikuwa amekaa kwa kiti cha plastiki mlangoni, magongo yake yameegemea ukuta. Mtoto alikuwa anacheza na mifuniko ya chupa. Ndani, TV ilikuwa imepanguswa vumbi, na kitambaa cha mezani kimebadilishwa.

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Yote yalipotea. Nilisema tu, "Mama, kanda iliungua. Ni mimi niliiunguza."

Akaniuliza flash ina nini. Nikamwambia. Akasema tuweke.

Tuliangalia picha tisa. Kisha clip ya kwaya. Ilipofika mwisho, TV ikarudi kwa ile skrini ya bluu.

"Imeisha?"

"Imeisha, mama."

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mlango, nikingojea kufukuzwa. Ningefurahi kufukuzwa.

"Wewe si ulikuwa hapo?" akauliza.

"Nilikuwa."

"Tangu asubuhi mpaka mwisho?"

"Ndio."

"Basi kaa chini. Niambie wewe."

Wakuu, sijawahi kuongea dakika tano mfululizo maishani mwangu. Siku hiyo niliongea mchana mzima.

Nilianza pale gari lilipofika na jeneza. Nikamwambia ni nani walibeba, na vile yule wa nyuma kushoto alikuwa mfupi wakamwekea kitu begani ili alingane na wengine. Nikamwambia mahema yalikuwa mawili na watu wakajaa mpaka kwa shamba la jirani. Nikamwambia dada mmoja wa kwaya alishindwa kuimba akatoka nje, na mjomba alisoma eulogy, yale maisha ya marehemu, akarudia mstari mmoja mara mbili bila kujua.

"Gani hiyo?"

"Ile ya kwamba alikuwa anapenda kukupikia chai."

Akaitikia kwa kichwa, nikaendelea. Aliuliza nani aliweka udongo wa kwanza. Nilijua. Aliuliza maua yalikuwa rangi gani. Nilijua. Mambo mengine sikujua kuwa nayajua.

"Na huyu?" Akaonyesha mtoto kwa kidevu. "Wakati walikuwa wanashusha, huyu alikuwa wapi?"

"Mbele kabisa, upande wa kulia, kwa mkono wa shangazi. Alikuwa na sweta ya manjano. Aliangalia chini akasema kitu."

"Alisema nini?"



Nilikuwa nimevaa headphones na zilikuwa zinaleta sauti ya mhubiri peke yake. Niliona mdomo wa mtoto ukienda. Maneno yaliingia kwa mic ya kamera, na nilikuwa bado sijaisikiliza ile track ya sauti. Shangazi niliyemtaja nilikuwa nimeshamuuliza ile wiki ya kutafuta kwenye simu za watu. Alisema alikuwa analia, hakusikia.

Ningeweza kumwambia mtoto alisema kwaheri. Angeniamini.

"Sijui, mama," nikasema. "Hiyo ilikuwa kwa kanda."

Akamwita mtoto, akamuuliza polepole kwa Kikuyu alimwambia mama yake nini siku ile. Mtoto akamwangalia, akaniangalia, akarudi kwa mifuniko yake.

Mama Wambui akachomoa flash kwa TV na kuifunga tena ile sufu ya kijani. "Umefanya vizuri kukuja," akasema. Hakuniangalia wakati anasema.

Jumanne hapigi tena.

Nilichojifunza ni hiki. Ukiongeza graphics card, achana na nambari kubwa ya power supply. Tafuta laini ya 12V, zidisha na ampia, kisha jumlisha kadi, processor na vingine, na uache nafasi ya kutosha juu yake. Ikiwa nyepesi kama boksi tupu, iogope, hata kama atakayekuambia ni mama yako wa chai. Tafuta ile imepimwa na mtu ambaye si muuzaji. Na kabla hujaiwasha mara ya kwanza, chomoa disk yenye kazi ya watu, uweke pembeni.

Kama huelewi sticker yako, piga picha uweke hapa chini. Nitakuhesabia. Nitachelewa kujibu, lakini nitajibu.

Na kuna ombi moja, ndilo hasa lililonifanya niandike. Kama kuna mtu hapa alikuwa kwenye mazishi hayo Endarasha, upande wa kulia wa kaburi, karibu na mtoto wa sweta ya manjano, na simu yake ilikuwa inarekodi, tafadhali aniandikie. Hata kama picha haionekani. Nataka sauti tu.