Kona ya Ubao Iliyokataa Rangi

Mwezi uliopita nilirudi Rumonge, na kabla hata sijafika kwa mwenyeji wangu niliomba nishushwe penye shule. Mwenyeji mwenyewe ni binti wa dada yangu, naye alikuwa amekuja kunipokea kwa teksi. Alinuna kidogo, maana alikuwa amekwisha pika mukeke kwa mawese na alitaka nimle angali moto. Nikamwambia samaki atangoja, mimi nina ubao wa kuuona. Akanitazama kwa jicho la mtu anayejiuliza kama uzee huanzia miguuni au kichwani. Wewe rafiki yangu usinitazame hivyo. Kaa nikueleze, kisha useme mwenyewe kama nina wazimu.

Ubao ninaousema si wa mbao. Ni mstatili wa saruji uliopigwa ukutani katika chumba cha darasa la sita, na una umri karibu sawa na wangu. Ulitengenezwa mwaka wa uhuru, mimi nikiwa bado wa kubebwa mgongoni, kwa hiyo habari zake nilizipata kwa bibi yangu aliyenilea. Alisema kwamba ngoma zilipokwisha na watu wakawa wamelala usingizi wa uchovu hadi saa nne asubuhi, mwalimu alipita mlango kwa mlango akiuliza: uhuru huu tulioupata, watoto wataandikiwa wapi? Ubao wa zamani ulikuwa umepasuka katikati, herufi zikiingia ufani hazionekani. Basi wanawake wakabeba mchanga wa ziwani kwa vikapu, mfanyabiashara mmoja akatoa saruji, na fundi wa mtaa akaisugua lipu mpaka ikawa laini. Toka siku hiyo bibi hakupita shuleni bila kunyoosha kidole dirishani akinionyesha.

"Muchanga yangu iko mule," alikuwa akisema. Alisema hivyo hata mbele ya padri.

Sasa ubao wa saruji una kasoro moja: lazima upakwe mweusi, na ule weusi haumalizi mwaka. Dawa yake tuliipika wenyewe. Tulisaga makaa, tukakwangua masizi ya vyungu, tukavunja kwa mawe betri za tochi zilizokufa na kutoa ule mti mweusi wa ndani, kisha tukaviponda vyote pamoja na majani ya viazi vitamu mpaka ukatoka uji mzito. Mikono ilikuwa myeusi mpaka viwiko, na mama zetu walitukataza kugusa ukuta wowote njiani. Nikifumba macho harufu ile inanirudia, majani mabichi na makaa, na ndagala, dagaa wa kwetu, waliokuwa wakianikwa ufukweni wakituingilia kwa dirisha bila kubisha hodi.

Lakini si kila mtu aliruhusiwa kupaka, na hapo ndipo maneno yangu yanapoanzia. Siku hizo ukanda wetu wote, toka Muhuta mpaka Kizuka, ulikuwa na shule za msingi tu, zote chini ya mkaguzi mmoja aliyekuja kwa pikipiki, vumbi limemjaa mpaka nyusi. Sekondari haikuwapo hata moja. Mtoto aliyefaulu alipanda lori na sanduku la bati, akaenda milimani au Bujumbura, tusimwone mpaka likizo. Na desturi ya shule yetu ilikuwa hii: aliyefika sekondari ndiye anayepaka ubao. Akirudi likizo ndefu, hata kabla ya kwenda kuoga ziwani, anakuja kuupaka ubao aliojifunzia ili wanaomfuata wasome vizuri. Mwalimu hapaki. Mwanafunzi wa darasa la sita hapaki, hata ubao ukipauka namna gani.

Miaka yangu mpakaji alikuwa kijana wa jirani yetu, mtoto wa fundi wa mitumbwi. Alikuwa akirudi na soksi zilizovutwa mpaka magotini, akiwasalimia hata mbuzi wa bibi kwa Kifaransa, nasi tukicheka mpaka tunaumwa mbavu. Siku ya kupaka alivua soksi. Mtaa mzima ulikuja kumtazama, na mama yake alileta ugali wa muhogo na sombe, majani yake ya kupondwa, kwa wote waliosaga makaa. Mwalimu alisimama nyuma yake na wimbo wake uleule.

"Osha kwanza."

Kijana anaosha. Mwalimu anapitisha kidole ubaoni, anakitazama. Kikitoka na weupe, anasema tena, "Osha." Chaki ikibaki chini, alitufundisha, rangi haitashika, itabanduka vipandevipande. Mwalimu wetu huyo alikuwa mwembamba, mtu wa Gatete, mwenye baiskeli na shati jeupe ambalo mfuko wake ulikuwa na vumbi la chaki hata siku za sikukuu. Hakupiga sana. Alikuwa na subira ya kukuudhi.

Nami nilitaka kupaka ubao ule. Wenzangu walitaka kuwa madaktari na madereva, na mimi nikiulizwa nilisema mwuguzi kwa sababu lilikuwa jibu lililowafurahisha wakubwa. Moyoni nilijiona mimi nimeshika kitambaa, mtaa wote umenyamaza unanitazama. Kwa ajili ya hilo nilisoma kwa bidii isiyokuwa na adabu.

Tatizo lilikuwa bibi. Kazi yetu nyumbani ilikuwa mawese. Matunda ya michikichi yalichemshwa tangu alfajiri, yakamwagwa katika handaki dogo lililojengewa mawe, na mimi ndiye niliyeyakanyaga kwa miguu mpaka mafuta yaachane na makapi. Mwalimu alipokuja kusema kwamba anataka kuniweka katika orodha ya watakaofanya mtihani wa sekondari, bibi alimkaribisha vizuri, akampa kiti, akamkatalia.

"Mwalimu, huyu mutoto ni miguu yangu. Akipanda mulima, mawese nani atakanyaga?"

"Mama, miguu mimi siombi. Niko naomba kichwa tu."

"Kichwa iko juu ya shingo, mwalimu. Kikienda kitabeba na miguu."

Mwalimu akacheka, akashukuru, akapanda baiskeli. Akarudi wiki iliyofuata, akakataliwa tena, tena kwa ndizi za kuchoma. Mara ya tatu ilikuwa Jumamosi. Hakuketi. Aliegesha baiskeli ukutani, akavua viatu, akakunja suruali mpaka magotini, akaingia handakini. Alikanyaga mawese mpaka jua likageuka. Hakuwa akijua kukanyaga, masikini, aliteleza na kujishika kwa kuta, na suruali yake haikupona. Bibi alicheka mpaka akakaa chini.

"Huyu mutoto akienda sekondari," mwalimu akasema akipumua kwa shida, "kila Jumamosi nitakuja miye."

Bibi akajifuta machozi ya kicheko kwa ncha ya khanga. "Basi muandike," akasema.

Wiki hiyohiyo mwalimu aliandika orodha katika kona ya juu ya ubao, upande wa dirisha, akaizungushia mstari ili asiifute mtu. Majina matano. Wanne walikuwa wavulana, na la tano lilikuwa langu. Mwandiko wake ulikuwa wa kulala kidogo upande wa kulia. Nilitoka darasani wa mwisho siku ile ili niutazame peke yangu. Ulikuwa mwisho wa mwezi wa nne, mwaka wa sabini na mbili.

Wewe unajua kilichofuata, au umesikia. Sitaki kukisimulia chote, na mtoto hakuona chote. Watu waliuawa pwani yetu, kwanza hawa, kisha wale, na wengi mno. Makabila yetu nilikuwa sijui hata kuyatenganisha; mwaka ule ndipo nilipofundishwa. Tulijificha kwenye michikichi siku kadhaa. Tuliporudi, nusu ya nyumba za mtaa zilikuwa wazi, wenyewe wamevuka ziwa. Mwalimu alikuwa hai. Nilimwona mara moja akipita kwa baiskeli, akanipungia mkono. Kisha siku moja aliitwa mjini pamoja na walimu wengine, wakaambiwa ni mkutano. Alivaa shati lake jeupe, akaenda, na hakurudi. Jumamosi ile bibi alichemsha matunda, akakaa kando ya handaki mpaka yakapoa.

Likizo ndefu ilifika. Malori yalipita, na kijana wa jirani yetu hakushuka. Yule mama yake aliendelea kwenda barabarani wiki nzima. Wanafunzi wa sekondari walikuwa wamechukuliwa hukohuko shuleni kwao, tukaja kujua baadaye. Hata sanduku halikurudi. Basi watu wakaanza kuogopa kusoma, na nani angewalaumu? Wazazi walichoma madaftari. Ya kwangu bibi aliyafukia nyuma ya jiko, akapanda viazi vitamu juu yake.

Shule ilipofunguliwa tulikuwa watoto kumi na mmoja katika chumba cha darasa la sita. Wa orodha nilibaki mimi peke yangu. Wawili walikuwa wamevuka kwenda ng'ambo na wazazi wao, na wawili sikupenda kuulizia. Mwalimu mpya alikuwa kijana mwenye woga, mgeni kabisa wa huku. Akautazama ubao uliopauka, na ile kona yenye majina matano bado yamezungushiwa mstari, kwani hakuna aliyekuwa na mkono wa kuyafuta.

"Hapa anapakaka nani?" akauliza.

Tungemwambia nini? Kwamba wapakaji wamekwisha? Alipouliza mara ya pili nikalia kwa sauti, bila aibu, naye akaogopa akaturuhusu twende nyumbani.

Nilimweleza bibi. Alichukua jembe, akaenda nyuma ya jiko, akang'oa vile viazi, akafukua madaftari yangu na kuyapiga-piga yatoke udongo. Majani ya viazi akayatia kinuni. Asubuhi tulikwenda shuleni pamoja, yeye na kikapu cha makaa kichwani, akanipa kitambaa mbele ya mwalimu mpya na wale watoto kumi.

"Paka."

"Bibi, mimi sijafika sekondari."

"Mwalimu alikanyaga mawese yangu kwa ajili yako," akasema. "Paka. Ukisha paka itakulazimu kwenda, la sivyo utakuwa umevunja desturi ya watu."

Nikachukua maji nikaosha ubao. Niliosha vizuri, kama nilivyoona ukioshwa, nikapitisha kidole na kukitazama. Lakini nilipofika kwenye ile kona, mkono ulikataa. Ningeosha, maji meupe yangeteremka sakafuni na mwandiko ule ungekwisha duniani. Sikuwa na barua yake wala picha yake. Nikaiacha kona kavu. Nikapaka juu ya majina, taratibu, nikiyafunika moja moja, langu la mwisho. Mwalimu mpya hakuona. Bibi aliona, akatazama dirishani.

Mwaka uliofuata nilifaulu, nikapanda lori na sanduku la bati. Bibi alikanyaga mawese mwenyewe, na barua zake, alizoandikiwa na mtu, hazikulalamika hata mara moja. Kila likizo nilirudi kupaka. Na kila mwaka ile kona ilikuwa imebanduka vipandevipande, kama tulivyofundishwa. Walimu walilaumu makaa, wakalaumu unyevu wa ziwa, mmoja akaiita saruji ya wizi, bibi akamjia juu kwa sababu ya mchanga wake. Mimi niliosha ubao wote, nikaiacha kona, nikapaka tena juu yake. Baadaye nikawa mwalimu mwenyewe, huku na kule katika shule hizi za pwani, nikiwaambia watoto wa watu waoshe kwanza. Mnafiki mkubwa!

Sasa Gatete kuna lise ya sekondari, Kizuka kuna lise, Rumonge zipo za kuchagua. Mtoto anasoma sekondari na mchana anakula kwao. Nafurahi, nisingependa mtu yeyote arudishwe kwenye lori lile. Ila desturi ya kupaka imekufa pamoja na safari, kwani asiyeondoka hana namna ya kurudi. Bibi amekufa, handaki limeota majani, na mama wa yule kijana alikufa akiwa bado ananyanyua shingo kila lori likipunguza mwendo.

Ndiyo maana nilitaka kushuka shuleni kabla ya samaki. Nilikuta chumba kile kinafanyiwa ukarabati. Watoto walikuwa wakihamisha madawati, na mwalimu mkuu, mama kijana mchangamfu, akanionyesha ubao ukutani.

"Tutaweka tablo mpya, mama. Hii imezeeka. Na pale kwa kona, tangu kale iko inakataa rangi. Hata mafundi wanapaka tu juu yake, wanashindwa."

"Si saruji," nikamwambia. "Ni mimi. Pale sikuosha."

Watoto wakaacha madawati. Nikawaeleza kama nilivyokueleza wewe, kwa kifupi zaidi. Mwalimu mkuu alisikiliza, kisha kitambaa kikavu alichokuwa ameshika cha kufutia ubao akakirudisha mfukoni, kana kwamba amekamatwa. Msichana mmoja mdogo, mwenye magoti ya vumbi, akasogea mpaka ukutani akaitazama kona kwa makini sana.

"Mbona hakuna kitu, nyanya? Waliandikwa nani?"

Kweli hakukuwa na kitu. Weusi na weupe umechanganyika, vumbi tu. Lakini mimi niliyasoma majina yale kila siku kwa wiki nzima nikiwa na miaka kumi na mitatu, na sikuhitaji ubao. Nikawatajia, moja moja, kwa mpangilio alioandika yeye. La kwanza, la pili, la tatu, la nne. Watoto waliyarudia nyuma yangu kwa pamoja, kama wanavyozoea darasani, na chumba kikajaa sauti.

Nilipofika la tano nikashindwa kulitaja. Kisha yule msichana akanitazama usoni, akalisema yeye.

"Ni wewe."

"Ni mimi," nikasema. "Niko hapa, mwalimu."

Nilikuta mukeke amepoa kabisa, nikamla mzima.