Plasta za Gitaa

Nilimwahidi Kogo, nyanya yangu, kwamba siku moja nitampigia gitaa. Alifariki nikijua chord tatu tu, na hata hizo nilizipata kwa kufuata alama. Nilikuwa nimebandika kwa shingo ya gitaa zile plasta Mama hujifunga vidoleni akichuma majani chai, zinionyeshe pa kuweka vidole. Sikumwambia mtu.

Siku ya mazishi mchungaji akaniita mbele. Kuangalia gitaa, shingo inang'aa, haina plasta hata moja. Nikageuza gitaa huku na huku.

"Piga tu, kijana, tunangoja," mchungaji akasema.

Nikamnong'onezea Mama, aliyekaa kiti cha mbele, "Plasta ziko wapi?"

Maikrofoni iliyokuwa mbele yangu ikatangazia boma lote.

"Nilizitoa jana," Mama akasema. "Nilidhani ni uchafu, na nilitaka umpigie Kogo na gitaa safi."