Kitako Chepesi cha Mzee Mizani

Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa afisa wa vipimo kwa miaka thelathini na mmoja. Kazi yake ilikuwa kuingia madukani bila hodi na kuwaumbua wenye kilo za gramu mia tisa. Mtaani wakamwita Mzee Mizani, naye akalipokea jina hilo kama nishani. Alipostaafu walimpa cheti, saa ya ukutani na uhuru wa kulala hadi jua lipande. Uhuru huo hakuutumia hata siku moja. Alinunua bunduki ya kuwindia, akakata kibali, akawa mwindaji.

Nasema mwindaji kwa sababu kibali ndivyo kilivyosema. Misimu minne tulipanda vilima na kurudi mikono mitupu, mimi nyuma yake na mfuko wa kutilia nyama, mpya kama ulivyotoka dukani. Kila mwaka mchawi alipatikana. Mwaka wa kwanza alikuwa upepo. Wa pili, miwani. Wa tatu, mimi na kikohozi changu. Mwaka wa nne, akiwa hoi juu ya jiwe, akaikodolea macho bunduki yake.

"Shemeji, hiki kitu kina kilo nne na gramu mia sita. Nimekipima. Nikifika juu mkono unatetemeka, swala anasimama kunitazama. Tatizo ni kitako."

Kitako, kwa asiyejua, ni ule ubao wote unaoshikilia mtutu, tangu unapoegemea begani hadi unapopita mkono wa mbele. Chake kilikuwa cha mti mweusi, mzito kama kizingiti cha mlango.

Nyumbani akatangaza kwamba atatafuta chepesi. Dada hakuinua hata uso kutoka kwenye ufumaji wake.

"Baba watoto, ungeanza na tumbo. Hilo halihitaji kibali."

Akajitia uziwi. Kesho yake tukaenda kwa fundi.

Fundi alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa uzi na ukucha mmoja uliowahi kupasuliwa na patasi. Karakana yake ilikuwa nyuma ya duka la vioo, na leseni yake ilining'inia ukutani kando ya kalenda ya mwaka juzi. Alitupangia mezani vipande vitatu vya mbao: mninga, mkangazi na mwerezi. Shemeji akafungua mkoba, akatoa mizani yake mwenyewe. Wengine hutembea na leso.

Akapima, akaandika, akapima tena, akatabasamu. "Mwerezi."

"Huo ni wa kabati la nguo, mzee," fundi akasema. "Unafukuza nondo vizuri sana. Lakini usiangalie uzito peke yake. Angalia nyuzi za mbao. Hapa shingoni, mahali unaposhika, nyuzi zipite moja kwa moja. Zikikata kona, siku moja utabaki na mtutu mkono huu, kitako mkono ule. Halafu bunduki ikiwa nyepesi mno, inapiga teke. Uzito ndio unaomeza kishindo."

"Mama, mimi nimepima vitu tangu hujashika randa."

"Haya. Mteja ni mfalme." Alilitamka neno mfalme kama mtu anayetaja maradhi. "Ila risasi ya kwanza utaipigia kwenye uwanja wa shabaha, na mimi nikiwepo."

Baada ya wiki mbili bunduki ilikuwa tayari: kilo tatu na gramu mia tisa. Shemeji alifurahi kama aliyejifungua. Dada akaonyeshwa, akasema hongera, akauliza kama mtoto analala usiku.

Uwanjani alilala kifudifudi, akalenga kwa dakika nzima, akafyatua. Shabaha haikupata hata mkwaruzo. Yeye ndiye aliyepatikana. Kitako kilimkita begani, darubini iliyo juu ya mtutu ikarudi nyuma na kumchana juu ya nyusi, na kofia ikaenda zake. Fundi alifika mbio, akampangusa damu, akaona jeraha ni dogo. Ndipo akaiokota bunduki na kupitisha kidole shingoni.

"Kuna ufa," akasema.

"Wangu au wa bunduki?" shemeji akauliza. Katika miaka yote niliyomjua, huo ulikuwa mzaha wake wa kwanza.

Siku kumi alikaa na bega la rangi ya biringanya. Alipoweza kuinua mkono tulirudi karakanani, na safari hii mkoba aliuacha nyumbani. Fundi hakusema "nilikwambia." Alimfumbisha macho, akampa vitako vya mfano kimoja kimoja akiweke begani.

"Hiki," shemeji akasema kwenye cha tatu. "Hiki kinakaa chenyewe."

Kilikuwa cha mkangazi, nyuzi zimenyooka kama mistari ya daftari. Fundi akaeleza kwamba atakikondesha kidogo sehemu ya mbele, atatoboa matundu mawili nyuma, kisha aweke mpira wa kupokea teke. Shemeji hakuuliza gramu. Basi, aliuliza mara mbili tu.

Lakini foleni ya kazi ilikuwa ndefu, naye hana subira, akaomba apige msasa mwenyewe. Fundi akamwonyesha: sugua, pangusa kwa kitambaa chenye maji, acha vinyweleo vya mbao visimame, sugua tena, paka mafuta, subiri. Nilidhani atachoka siku ya pili. Akaenda siku ya tatu, akaenda wiki ya tatu. Dada akasema hatimaye ameolewa na mtu mtulivu, japo ananuka mafuta ya mbao hadi kwenye mto.

Nilipokwenda kumwambia kwamba msimu umefungwa, nilimkuta amembana mteja mmoja, dereva wa lori, akimhubiria habari za nyuzi za shingoni kwa sauti ya mtu aliyezaliwa karakanani. Dereva alikuwa anaitikia kwa adabu.

"Umefungwa lini?" shemeji akaniuliza nilipompa habari.

"Ijumaa."

"Ijumaa ipi?"

"Iliyopita, shemeji."

"Aa." Akakigeuza kitako kwenye mwanga wa dirisha, akapuliza vumbi. "Hebu nipe huo msasa laini, upo karibu na mguu wako."

Nikampa.